Divai Niliyomchagulia Bosi

Bosi wangu wa Jeddah aliamini kwamba kila Mkristo anaijua divai, nami nikamwacha aamini. Kosa langu lilianzia hapo.

Alikuwa akiagiza vyakula kutoka Italia: tambi, mafuta ya zeituni, nyanya za mkebe. Yeye kafili wangu, yaani mdhamini wa kibali changu cha kazi, mimi dereva wake, na huo ulikuwa mwaka wangu wa tatu. Mikahawa mipya ya Jeddah na Riyadh ilikuwa imeanza kutaka kinywaji cha kupendezesha meza, na Mwitaliano mmoja mwenye shamba la mizabibu akawa hakauki kwenye simu. Alikuwa na divai iliyotolewa kileo chote, ambayo bandarini haina shida. Kontena la kwanza lingebeba aina moja tu, nyekundu, na ili kulilipia, bosi aliuza duka alilorithi kwa baba yake. Alituambia wazi kwamba mzigo ukidoda, ofisi itafungwa na kila mmoja wetu atatafuta kafili mwingine.

Alasiri moja akaniita ofisini. Mezani palikuwa na chupa mbili na glasi mbili. Yeye hajawahi kuonja divai, wala mkewe, wala babu yake.

"Wewe ni Mkristo, unaijua," akasema. "Yalla, niambie ipi inafanana na ya kweli."

Ningesema sijui, dunia isingeanguka. Lakini mtu akiambiwa lete gari, osha gari, miaka mitatu mfululizo, halafu siku moja aulizwe anaonaje, kichwa lazima kivimbe. Ukweli ni kwamba sijawahi kuonja kileo maishani. Nimelelewa Nyeri, katika kanisa ambalo mlevi huombewa kwa jina lake mbele ya waumini wote. Hata Meza ya Bwana kwetu ni juisi nyeusi ya dukani. Mama yangu, aliyekuwa mzee wa kanisa, ndiye aliyeichanganya na maji kwenye birika la chai, akiionja kwa kijiko mpaka aridhike.

Nikaonja ya kwanza. Ilikuwa na ukakasi kama ndizi mbichi. Ya pili ilikuwa tamu, na nilipoimeza nikamwona mama na birika lake. Nikatikisa kichwa kama mtaalamu, nikamwambia bosi kwamba hiyo ndiyo yenyewe. Halas, akaagiza siku hiyo hiyo.

Kontena lilipokwisha kuondoka Italia, nikajisifu kwa Mkenya mwenzangu, bawabu niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja mtaa wa Al-Mahjar. Kabla ya kuja huku alikuwa mhudumu wa hoteli Mombasa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Bro, ulichagua hiyo tamu?" akauliza. "Waini ya ukweli inakausha mdomo. Umemwingiza mzee wa watu kwa shimo."

Chakula kilinishinda kutwa nzima. Wiki iliyofuata bosi akasema tupakie sampuli zote mbili, twende Riyadh kwa mama mmoja mwenye mikahawa minne. Huyo ndiye mnunuzi pekee aliyekuwa amekubali kutuona.

Njia ya mwongo ni fupi, ila yangu ilikuwa na kilomita mia tisa na ushee. Nilivumilia mpaka tulipopita Taif. Nikaingia kituo cha mafuta, nikazima gari, nikamweleza yote: kanisa, birika, bawabu. Nililia kidogo, sioni haya kusema. Bosi alishuka, akanunua chai mbili, akanipa moja, akarudi kukaa. Afadhali angenitukana. Mpaka tunaingia Riyadh nilikuwa nimeshajihesabu kuwa sina kazi.

Yule mama alitupokea katika mkahawa wake mkubwa kabla wateja hawajafika. Mimi nilitua sanduku, nikasimama mlangoni. Akaonja ile yenye ukakasi, akakunja uso, akauliza kama imeharibika. Akaonja ile tamu, akarudia tena. Kisha akataka kujua ni nani aliyeichagua.

Bosi angeweza kusema ni yeye.

"Dereva wangu," akasema. "Na nisikudanganye, hajawahi kunywa divai maisha yake yote."

Yule mama akanigeukia.

"Na wateja wangu, unadhani wao wamewahi?"

Akachukua nusu ya kontena kabla hata hatujakaribishwa kuketi. Nikaegemea ukuta kwa furaha.

Bosi akamimina ile tamu kwenye glasi safi, akaniletea pale mlangoni kwa mkono wake mwenyewe.

"Onja tena," akasema. "Safari hii niambie unachoonja wewe."

Nikaonja polepole. Nikamwambia imezidi sukari kidogo. Akatoa kalamu mfukoni, akaandika kwa ajili ya kontena la pili.