Saluti Iliyompita Baba

Mtu akiniambia tena kwamba wale waendesha pikipiki walikuwa na nia njema, nitamfukuza kibandani kwangu na nguo yake nusu imeshonwa. Najua walikuwa na nia njema. Nimeambiwa hivyo na kila mtu hapa sokoni Arua, kuanzia muuza vifungo mpaka shehe. Nia njema ndiyo iliyotufanyia haya yote.

Baba yangu alikuwa sajini katika jeshi la zamani, lile lililosambaratika vita vilipoingia na watu wa kwetu Koboko wakakimbilia Kongo na Sudani. Mimi nilizaliwa huko huko Kongo, kwa hiyo sikumwona na buti hata siku moja. Niliyemkuta ni mwanamume anayelima mihogo kwenye mashamba ya watu, na amri moja nyumbani: neno "afande" lisitamkwe. Mama, Mungu amrehemu, alitufinya mapaja tukilitamka hata kwa mchezo. Mtu angeweza kusikia akauliza afande ni nani humu ndani, na kwa maswali kama hayo wanaume walipotea. Tulirudi, tukajenga upya, tukakua, lakini amri ile ilibaki. Baba akawa mzee wa mihogo tu, na majirani waliojua cheo chake walikuwa na vyeo vyao wenyewe vya kuficha.

Kiswahili ndicho kilichomshinda kukificha. Kwetu lugha hii ilitoka kambini, na Baba aliisema kikambi mpaka uzeeni, kana kwamba nyumba nzima ipo kwenye gwaride. "Chai iko wapi?" Inakuja, Baba. "Inakuja lini?" Wallahi, yule mzee! Tulimcheka, lakini chai tulikimbilia.

Basi, miaka si mingi iliyopita, mama mmoja kutoka Kampala alifika Koboko kuzungumza na wazee. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ni boda boda pale mjini, ndiye aliyemtafsiria Kiingereza chake. Alisema kundi lao lingetoka Kampala kwa pikipiki kubwa, livuke Nile pale Pakwach, lilale Arua, na kumalizia safari Koboko, kuwaenzi wanajeshi wa zamani. Wote, alisema, wa jeshi lolote. Wazee wakae kwenye viti kando ya barabara kuu, karibu na kwetu. Msafara utasimama. Ofisa mmoja wa jeshi la sasa, ambaye kituo chake kipo hapa hapa Arua na ni mwenzao wa pikipiki, atashuka na kumpigia saluti kila mzee, mmoja baada ya mwingine.

Baba aliuliza swali moja tu.

"Atasema afande?"

Mama yule akasema ndiyo, atasema.

Kesho yake simu yangu ikalia. Baba hapigi simu, hupigiwa, kwa hiyo nilidhani kuna msiba. "Kuja na mafuta ya simsim," akasema, akakata. Nilipofika nikamkuta uani, amevua shati, amekaa wima kwenye kigoda. Bega lake la kulia lilikuwa limekufa tangu enzi za kubeba magunia Kongo, na mkono haukupanda kupita kifua. Hilo ndilo lililokuwa likimsumbua.

"Mutu anakupea saluti, lazima ujibu," akaniambia. "Yeye hawezi kushusha mkono mpaka wewe umejibu. Ukikaa tu unamwangalia kama ng'ombe, hiyo ni matusi."

"Baba, watakuelewa. Wewe ni mzee."

"Mimi iko sajini."

Alilisema mchana kweupe, mlango wa ua ukiwa wazi. Nilisikia paja linaniuma, kama vile Mama bado yupo. Nikamimina mafuta mkononi nikaanza kuchua.

Kila Jumamosi baada ya hapo nilifunga kibanda, nikapanda gari la Koboko na kichupa changu. Nilipasha mafuta mpaka yawe vuguvugu, nikalichua lile bega mpaka vidole vyangu, vya mshona nguo, vikachoka. Kwanza mkono ulifika kidevuni. Jirani yetu, mzee aliyekuwa dereva wa lori katika jeshi lile lile, alikuja kutazama na kutia maneno. "Hiyo imeshika kutu, binti. Tia grisi." Baba akamwambia afunge mdomo, dereva hana gwaride la kufundisha mtu. Wakatukanana vizuri, nikawasikia wanacheka kama vijana. Sikuwahi kumsikia Baba akicheka hivyo. Mkono ukafika shavuni, ukagoma hapo, ukagoma tena, kisha asubuhi moja kidole kikagusa nyusi. Akakaa hivyo, anatetemeka, machozi yanamtoka kwa maumivu, anacheka. Nami nililia, kwa nini nifiche.

Shati nilishona mwenyewe. Alitaka mifuko miwili kifuani, yenye vifuniko na kifungo katikati. Rangi nilichagua mimi, ya maziwa, maana ile ya kijani ya jeshi serikali haitaki kuiona kwa raia, na sikutaka mzee wangu apate heshima asubuhi na kulala mahabusu jioni. Alinung'unika, akalivaa, akajitazama dirishani.

"Ofisa kupigia sajini saluti," akasema. "Dunia imegeuka kweli."

Sasa lazima nieleze jambo la boda boda wetu, la sivyo hamtaelewa tulivyojiroga wenyewe. Mwenzao akifa, hutoka wote. Hufunga matawi mabichi mbele ya pikipiki, huwasha taa mchana, hupiga honi bila kukoma, na maiti huja kwenye pikapu katikati yao. Msafara huo hausimami njiani kwa lolote lile, mpaka nyumbani kwa marehemu. Na mtu yeyote aliye kando ya barabara, awe anauza nyanya au anakunywa chai, husimama, mikono chini, macho chini, mpaka wapite. Hakuna anayefundishwa. Mtoto anayejua kutembea anajua.

Wenyeji wa mapokezi walikuwa wamemwomba kiongozi wa boda boda awatoe vijana wake wakawapokee wageni nje ya mji na kuwaongoza kwa heshima zote. Heshima zote wanazozijua boda boda wa Koboko ndizo hizo nilizozitaja. Mimi sikuwepo walipopanga. Ningekuwepo ningewakataza, lakini nilikuwa nikipiga pasi shati.

Wazee walikaa kwenye viti tangu asubuhi, karibu kumi, Baba wa kwanza upande ambao wageni wangetokea. Nilikuwa nyuma yake na kichupa mfukoni, namchua bega kidogo kidogo lisije likaganda. Dereva alikuwa akimsumbua: "Usisahau kushusha, utabaki juu kama mti ya bendera." Kisha tukasikia honi.

Walitokea wakiwa na matawi. Boda boda wa kwetu mbele, taa zimewaka, matawi mabichi yanatikisika, na katikati yao pikapu iliyofunikwa turubai. Baadaye nilijua ilikuwa imebeba spana na matairi ya akiba ya wale wa Kampala. Pikipiki kubwa zilikuwa nyuma, na kutoka tulipokuwa hazikuonekana bado. Mwanamke mmoja ng'ambo ya barabara akapiga yowe la kilio. Muuza nyanya akasimama. Na wazee wangu, wote, kama waliopewa amri, wakainuka kwenye viti, mikono chini, macho chini.

Mimi nikamwona mdogo wangu, pikipiki ya tatu, tawi la mwembe usoni. Nikapunga mikono, nikapiga kelele simama, simama, wazee wapo hapa! Hakusikia, honi zilikuwa zimemziba masikio. Na hata angesikia, wenzake wa nyuma wangempitia juu, maana msafara huo hausimami. Pikipiki kubwa zikafuata, zinanguruma, watu wa jaketi nyeusi. Walipowaona wazee wamesimama kimya na vichwa vimeinama, wakadhani hiyo ndiyo hafla yenyewe. Mmoja akaweka mkono kifuani. Mwingine alikuwa anapiga picha. Ofisa naye alikuwepo, nilimjua kwa sare, na kofia ngumu ya pikipiki kichwani. Akawapungia, akapita.

Honi zikaenda mbali. Baba akainua macho.

"Nani amekufa?"

Dereva naye alikuwa amegundua, maana alikuwa ameketi na kuziba uso kwa viganja.

"Mimi iko nauliza. Nani amekufa?"

"Hakuna, Baba. Ndio wale wageni."

Akatazama barabara upande walikoelekea. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado unang'aa mafuta. Akasema, "Basi mimi sikuona," kana kwamba ndiye mwenye kosa, na hapo damu ikanichemka.

Nilikwenda mbio, na viatu mkononi, mpaka uwanja wa mji ambako wageni walikuwa wamefikia. Kulikuwa na mahema, hotuba na wali. Yule mama wa Kampala akanikumbatia kabla sijafungua mdomo. Alilia aliposimulia, eti wale wazee walivyosimama kimya, hajawahi kuona heshima kama ile. Nikaitoa mikono yake mwilini mwangu. Nikasema kwa Kiingereza changu kibovu na sauti kubwa, mpaka mhutubu akanyamaza: mliwaahidi saluti, na hamkusimama. Mdogo wangu alikuwa kwenye foleni ya chakula. Alipoelewa aliweka sahani chini, akaenda kung'oa tawi kwenye pikipiki yake, akalikanyaga. Sijamlaumu hata siku moja. Ofisa akasikiliza. Kijana mpole, mwenye adabu, ndiyo maana nashindwa hata kumchukia vizuri. Akasema kesho asubuhi, kabla ya kuondoka, atapita nyumbani kwa mzee.

Kesho asubuhi Baba alikuwa uani, shati la maziwa, kigoda kimeelekezwa langoni. Nilimchua tena, mkono ukafika nyusi. Jua likapanda. Mdogo wangu akaenda kuangalia, akarudi anatazama chini. Walikuwa wamepewa habari za mvua kubwa njiani, wakaondoka mapema, na ofisa akawasindikiza. Baba akafungua vifungo vyake kimoja kimoja, akalikunja shati mwenyewe, akanipa.

Nilimpigia ofisa simu kutoka Arua. Wiki ijayo, dada. Nikampigia tena. Kazi, dada, lakini nitakwenda tu. Nilikwenda hata kwenye geti la kambi yake. Wakaniambia niache ujumbe, nikauacha, na ulikuwa na maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Jumamosi iliyofuata nilifika na kichupa kama kawaida. Baba alikitazama.

"Hiyo mafuta pikia mboga," akasema.

Hakuniruhusu kugusa bega lake tena. Mkono ukateremka, shavu, kidevu, kifua, mpaka ikawa kikombe cha chai anakishika kwa kushoto. Dereva aliacha kumtania. Baba hakutupigia tena kelele za chai inakuja lini, alikunywa ikija.

Alifariki wakati wa mvua za mwaka uliofuata. Tulimzika siku ile ile, kama ilivyo kwetu, nyuma ya nyumba, karibu na Mama. Boda boda walikuja wote kwa ajili ya mdogo wangu, na matawi yao, na honi zao, na safari hii walisimama, maana walikuwa wamefika. Na nyuma yao, juu ya pikipiki kubwa, ofisa akiwa na sare kamili. Alikuwa amepata habari. Nafasi aliipata.

Mimi nilikuwa barazani na wanawake, kaburini hatuendi. Niliona watu wanampisha. Akasimama mbele ya jeneza, lililokuwa bado uani, akagonga visigino, akainua mkono. "Afande!" akasema, kwa sauti safi, mbele ya Koboko nzima. Wazee wakainamisha vichwa. Na mkono ukabaki juu. Ukabaki, ukabaki, naye hajui autoe lini, na watu wanangoja, na Baba amelala ndani ya sanda.

Nikainuka. Walinishika kitenge, nikakiacha mikononi mwao.

"Shusha mkono!" nikapiga kelele. "Shusha, hawezi kukujibu!"