"Ni muzima" si "inazima"

Fundi umeme tuliyemzika Jumatano kule Kikula, hapahapa Likasi, hakufa kwa ugonjwa, ingawa tangazo la redio lilisema "baada ya kuugua." Aliugua, ndiyo. Umeme uliingia mkononi ukatokea gotini, akaugua siku tisa. Mimi nilikuwa nyuma yake nikimshikia tochi; nilipomvuta ukanirusha ukutani, na kidole changu kimoja hakikunjiki tena. Alikuwa mtu wa kuchosha kwa uangalifu. Kabla ya kuingiza alimentation, kile kisanduku kinacholisha umeme mitambo ya mtandao, alifunga kwanza waya wa kwenda udongoni, akauvuta mara tatu. Nikimwambia tunachelewa, alikuwa akijibu: "Weye fanya haraka. Minye niko na bibi," yaani ana mke wa kumrudia.

Siku ile ya ajali, kwenye jengo la kampuni yetu mtaa wa Panda, ufunguo wa chumba cha swichi kubwa alikuwa nao injinia wa zamu, ghorofa ya chini, sisi tukiwa juu. Amri ya mkurugenzi: fundi asiguse swichi. Kipima umeme chetu, mkurugenzi huyohuyo alikuwa amekipeleka Lubumbashi. Injinia alizima, akatupigia simu; fundi akamwuliza kama kweli amezima, akaambiwa sawa. Kisha mkurugenzi akampigia yeye: wateja wanalalamika, washa. Akawasha, sisi hakutuambia. Fundi, kabla ya kushika nyaya, akapiga simu kuuliza umeme mara ya pili. "Chef, courant inazima?" Huko chini jenereta inanguruma, injinia akadhani anaulizwa kama umeme umerudi vizuri. "Ni muzima, papa! Ni muzima kabisa!" Kwetu kinachozima kimekufa, na aliye muzima ana uhai. Kwenye simu mbovu ni sauti moja. Fundi akanigeukia: "Inazima." Akashika.

Ripoti ya kampuni inasema fundi hakuhakikisha, tena kulikuwa na kosa la lugha. Mkurugenzi aliileta kwangu mwenyewe niitie sahihi, kwa kuwa nilikuwepo na shule sikwenda mbali. "Papa, ni mustari moja tu. Ile neno ndiyo ilimuua." Nikamwuliza: "Neno ilikuwa na ufunguo?" Akainua kikombe nilichompa, akasema chai yangu ni tamu. Zamani, kwenye viwanda vya shaba, baba zetu walitia kufuli lao wenyewe kwenye swichi, ufunguo ukakaa mfukoni mpaka kazi iishe. Siku hizi ufunguo ni cheo, na mwenye cheo hashiki waya.

Sikutia sahihi. Majina mhariri amenikataza. Vyeo nimeviandika, na Likasi si mji mkubwa. Kwenye kilio mjane alinivuta pembeni akaniuliza jambo moja tu: "Baba, alisahau?" Nikamwambia hapana, mama, aliuliza mara mbili. Ninyi mnaoingiza mikono kwenye mitambo ya watu, nisikilizeni: anayeshika waya ndiye ashike ufunguo. Akinyimwa, arudi nyumbani na mikono yake miwili, mtandao ufe.