Masufuria ya mtaa wetu Chumbageni, na hiki mnachokiita uhafidhina

Wakuu, salaam. Hiki ni kisa cha nyumbani kwetu, na sitaongeza chumvi, yenyewe iliyomo inatosha.

Nimesoma mjadala wa juzi humu kuhusu uhafidhina. Wengi mliumaliza kwa neno moja: ushamba. Eti mhafidhina ni mtu anayeogopa maendeleo. Sikujibu siku ile kwa sababu nilikuwa na hasira. Leo nimetulia kidogo.

Nimezaliwa Chumbageni, Tanga. Kwetu kulikuwa na stoo ya masufuria ya mtaa, yale makubwa ambayo mtoto anaweza kuoga ndani. (Na tulioga, tukachapwa.)

Akina mama wa mtaa waliyanunua kwa kuchangishana kabla sijazaliwa. Wengi wao sasa ni marehemu. Mama yangu alikuwa mtunzaji tu.

Ikitokea harusi au msiba, yanatolewa, na mtaa mzima unapika uani kwetu. Waislamu kwa Wakristo.

Kuna kipindi mama alinuniana na jirani yetu Mama Eliza, Msambaa, Mlutheri, kisa kuku. Msiniulize nani alianza. Ukatokea msiba, wakapangwa kuchambua mchele kwenye ungo mmoja. Sasa utachambua mchele na mtu asubuhi nzima bila kufungua mdomo? Pilau inaiva, wameshapatana. Hakuna kikao, hakuna mjumbe.

Ah, siku zile jamani. Nazikumbuka mpaka naumia.

Na msidhani mama alikuwa adui wa mabadiliko. Moshi wa kuni ulipoanza kuwaumiza wenzake macho, yeye ndiye aliyeleta majiko ya gesi. Alibadilisha moto, watu akawaacha pale pale.

Mwaka jana mama akafariki.

Kaka yangu anaishi Dar. Kwa nia njema kabisa, akaleta watu wa catering, majirani wapumzike. Akasema pia masufuria tuwauzie wa vyuma chakavu, stoo iwe chumba cha kupangisha.

Chakula kilikuwa kizuri, sikatai. Vijana wamevaa glovu, kila kitu kwa wakati.

Sasa huku kwetu mwanamke haendi kwenye msiba mikono mitupu, anakwenda na kisu chake. Nikamuona Mama Eliza amesimama mlango wa uani, kisu kakifunga kwenye leso. Kijana mmoja akamwambia kwa adabu akae tu, ataletewa. Akaenda kukaa kwenye kiti cha plastiki, kisu mapajani.

Nikampa shikamoo. Akaitikia, akanishika mkono.

"Mwanangu, mie leo nimlilie wapi mamako?"

Wakuu, nililia. Miaka yote ile nilidhani masufuria yale ni ya kupikia.

Jioni nikamfuata kaka. Akasema hayo mambo yamepitwa, watu siku hizi wana kazi. Nikamwambia kama kuna la kurekebisha turekebishe, ila walioyanunua wengi hawapo kutujibu na watakaoyahitaji bado wadogo. Sisi katikati tumepata wapi ruhusa ya kuuza, tena siku ya uchungu?

Baadaye akasema, "Haya, arobaini pikeni nyie, tuone."

Tukapika. Pilau ilishika chini, maana kizazi chetu moto hatuujui, na Mama Eliza alitusema mpaka basi. Lakini uani palijaa. Hata watu ambao hawakuonekana siku ya maziko walikuja.

Kaka alipewa vitunguu. Yeye mazikoni hakutoa chozi. Pale akalia, akasema ni vitunguu. Hakuna aliyembishia. Mama Eliza akamsogezea vingine.

Masufuria yapo mpaka leo.

Kwangu mimi uhafidhina ndio huo. Sio kugoma kubadilika. Ni kujiuliza kwanza kitu kilikuwa kinafanya kazi gani kabla hujakiuza, kwa sababu nusu ya kazi yake hata anayekitunza hawezi kukueleza.

Wenye mawazo tofauti karibuni, nipingeni tu, sitanuna. Ila mkimaliza mniambie: kwenu masufuria ya mtaa yako wapi siku hizi, na ufunguo kaachiwa nani?