Jino la Mama Kwenye Picha

Nilimwambia mama avue kila kitu cha chuma, naye akavua. Hereni, saa, pini za kilemba, hata pete ya ndoa, ambayo tuliitoa kwa sabuni baada ya kung'ang'ana nayo kwenye sinki la hospitali. Akanikabidhi vyote ndani ya leso, akaingia chumba cha picha. Jino lake la fedha likabaki mdomoni. Mimi sikulikumbuka, na mwenyewe hakulihesabu. Kwake, chuma ni kile unachovaa asubuhi.

Mama alikuwa na saratani ya ulimi. Kabla ya kuanza mionzi ilibidi apitishwe kwenye ile mashine ya mviringo, ili daktari apate picha za ndani na kuchora mstari kuzunguka uvimbe: mionzi ipige hapa, pale isiguse. Wiki hiyo hiyo tukaitwa tena. Daktari, mwanamke mpole, akatugeuzia kompyuta. Taya lilionekana, shingo ilionekana, lakini kwenye ulimi kulikuwa na miale myeupe na myeusi iliyotawanyika kutoka kwenye jino, kama taa za lori zinapokupiga machoni.

"Hii chuma inatufichia ulimi," akasema. "Tuko na programu ya kusafisha picha." Akabonyeza, miale ikapungua, nami nikaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. "Ngoja. Hapa kwa ukingo wa uvimbe bado kuna kivuli, na programu inakisia tu. Mimi sitaki kukisia kwa ulimi ya mama."

Ilibidi ile kofia ya fedha iliyofunika jino ing'olewe, mama apigwe picha upya. Mama akafunga mdomo, akatikisa kichwa.

Hasira zangu hazikai mbali. Tulipanda teksi kurudi kwangu Kinoo, na kwenye foleni ya Westlands nilimfokea mama mzazi. "Mama, ni jino tu! Unataka kufa na jino?" Nilikuwa naogopa kumpoteza, na mimi nikiogopa hugomba.

Alinijibu tulipokuwa tumeshapita foleni.

"Baba yako aliniwekea hii alipopata kazi ya kwanza huku Nairobi. Hatukuwa na pete. Nikienda nyumbani Ukambani nilikuwa nacheka tu, watu waone niko na bwana."

Pete ilikuja miaka mingi baadaye, walipofunga ndoa kanisani, mimi nikiwa msichana wa kubeba maua. Baba sasa ni marehemu. Kumbe ile pete tuliyoisugua kwa sabuni ilikuwa ya kanisa, na ya baba ilikuwa mdomoni. Nililia, nikamwambia wazi kwamba namtaka hai, hata akiwa kibogoyo.

"Nitatoa," akasema. "Lakini usinifokee tena kwa gari ya watu."

Dereva akakohoa kuficha kicheko.

Daktari wa meno aliing'oa kofia ile bila shida, akakiacha kisiki cha jino lenyewe. Tuliporudi kwenye mashine, fundi wa picha, Mkamba mwenzetu aliyekuwa amezoea kumwita mama susu, yaani nyanya, kama watoto wangu wanavyomwita, akauliza, "Susu, uko na chuma yoyote?"

"Nilikuwa nayo. Ameshika huyu."

Nilikuwa nimeifumbata mkononi, imepata joto.

Safari hii ulimi ulionekana wote, na uvimbe ulikuwa na mwanzo na mwisho. Daktari akaupitishia kidole kwenye kioo, taratibu, akasema sasa anajua pa kupiga na pa kuacha. Mama aliitazama ile picha kwa muda mrefu. Halafu akacheka, mara ya kwanza tangu augue, mdomo wazi na kisiki chake nje.

"Sasa mnaniona?"

"Tunakuona vizuri, mama," daktari akasema.

Nje ya mlango aliniomba leso yake, akavaa hereni, saa na pete. Nikamnyooshea jino. Akanifumba vidole.

"Kaa nayo," akasema. "Nikimaliza mionzi nitaitaka."