Kinu Kimoja, Lugha Mbili

Juzi nilipeleka mpunga mashineni hapa Ifakara, kelele zikanitoa nje. Nikakalia gunia langu, na sijui kwa nini, mwenzangu, akili ikaenda kwa bibi yangu akitwanga, enzi zile za Mjerumani.

Bibi alikuwa Mpogoro wa Mahenge aliyeolewa huku bondeni. Jirani yetu, Mndamba wa mtoni, alivua samaki kuliko wanaume. Walitwanga kinu kimoja kwa michi miwili. Bibi akipiga, anataja kitu kwa Kipogoro. Jirani akipiga, anakitaja kwa Kindamba. Atakayekwama, maji anachota yeye. Kwa neno kitu, bibi anasema shintu, jirani anajibu chindu. Maneno yale ni ndugu, ila bibi aliyapuliza na jirani aliyagonga.

"Unaongea au unapuliza moto, mama?"

"Na wewe unabanja karanga? Hebu twanga!"

Mimi msichana mdogo nacheka, nakula chenga. Chenga mbichi ni tamu, wanaosema zinaleta minyoo waache waseme.

Vita vikaja. Wanaume wakanywa ile dawa ya maji, wakaenda, babu yangu pia, hakurudi. Askari wakachoma maghala, njaa ikaingia. Tulikula mizizi. Jirani akavuka mto kwa mtumbwi kuwatafuta ndugu zake. Alisema atarudi mpunga ukiiva.

Ukaiva mara ya kwanza, ukaiva tena. Bibi alitwanga peke yake. Akipiga anataja neno, anausimamisha mchi juu, anangoja kidogo, ndipo anapiga. Watu wakasema amechanganyikiwa.

Siku moja akanipa mchi wa jirani. "Nijibu wewe. Akirudi asikute nimemsahau."

Nikajibu niliyoyakumbuka, nikakwama. Nikaenda kuchukua mtungi, bibi akanishika mkono. Akalisema neno mwenyewe, kwa kugonga, sauti ile ile ya jirani. Nikageuka mlangoni nikidhani jirani amerudi. Hapakuwa na mtu. Bibi alikuwa analia.

Jirani hakurudi, wala hatukupata wa kutuambia alikoishia.

Wajukuu zangu wanasema Kiswahili, nami nakipenda, ndicho ninachokuandikia. Maneno ya jirani yule bado ninayo machache. Huyasema nikiwa napalilia, peke yangu. Siku hizi sijui tena kama nayasema vizuri, na hakuna aliyebaki wa kunicheka nikikosea.