Mlinzi wa Mlango wa Kioo

Mtaa wa Iftin, mjini Garissa, sasa una jengo la maduka lenye mlango wa kioo unaomfungukia kila anayeukaribia. Walioutengeneza hawakuufundisha kwamba mbuzi si wateja.

Ndiyo maana Yarrow, aliyechunga ngamia Wajir miaka ishirini, alivishwa sare na kupewa cheo cha Afisa wa Usalama. Hajawahi kumwona jambazi hata mmoja. Kila asubuhi aliwafukuza kwa mluzi mbuzi saba wa Mama Hinda, jirani wa jengo, kazi ambayo kamera kumi na mbili hazikuiweza.

Mwezi uliopita Hinda alichoshwa na malalamiko ya meneja wa jengo, akawafunga mbuzi nyumbani. Siku ya nne meneja alimuuliza Yarrow, kwa upole wa kutisha, "Sasa wewe unalinda nini hapa?"

Jioni Yarrow akabisha kwa Hinda.

"Eddo, shangazi yangu, nakuomba, wafungulie mbuzi."

"Si mlisema wanachafua sakafu yenu ya Dubai?"

"Alisema meneja. Mimi nina watoto wanne."

Hinda alicheka mpaka akakaa chini. "Wallahi, kumbe mbuzi wangu wameajiri mtu! Basi uwe unawaletea katoni tupu za dukani. Mwajiri hashindi njaa."

Kesho yake mbuzi waliingia hadi kwenye rafu za biskuti. Yarrow aliwatoa kishujaa, meneja akishuhudia, na mwezi huo akatangazwa mfanyakazi bora.