Mlango Uonje Kwanza

Wewe unaweza kupanda ngazi ambayo fundi mwenyewe hajaijaribu? Kama huwezi, usimcheke Bwana Subiri.

Hilo ndilo jina walilompachika pale hospitalini alikotunza seva, mzee wa miwani iliyofungwa waya. Seva ya wagonjwa, ile yenye kadi na foleni zao, aliiwekea toleo la miaka mitatu iliyopita la mfumo endeshi, programu mama ya kompyuta. Watengenezaji walikuwa bado wanalitolea marekebisho, na seva haikuwa imewahi kuzimika hata siku moja.

Mpwa wake, mwandishi wa programu wa hapo hapo aliyemaliza chuo juzi, aliweka toleo la mwezi huo kwenye seva ya majaribio. Programu zake zilitamba kule. Zikihamishiwa kwenye seva ya wagonjwa, zinagoma.

"Mjomba, seva zote mbili ziwe na toleo moja."

"Hapo umenena. Rudisha lako nyuma."

"Nirudi nyuma? Dunia inakwenda mbele."

"Iende salama. Mama mjamzito kadi yake ikipotea, utamwambia imetangulia na dunia?"

Kijana akapeleka shauri kwa mkurugenzi, mtu asiyeona kipya akakiacha. Mkurugenzi akaamua: toleo jipya kote, kuanzia kesho.

Bwana Subiri aliwawaza wale wa foleni. Hakubishana. Aliomba jambo moja tu: toleo lionjwe kwanza na kompyuta inayofungua mlango wa ofisi kwa alama za vidole.

"Likikupitisha asubuhi, mkuu, nitaliweka kwa wagonjwa kabla ya saa nne. Neno langu."

"Mjomba, hata kitasa unakiogopea?" mpwa akacheka, na jioni ile akaliweka.

Kesho yake asubuhi Bwana Subiri alifika na chupa yake ya chai, akakuta ofisi nzima iko nje. Mkurugenzi alipuliza kidole, akakifuta kwa tai, akakibandika. Mlango kimya, kama mkwe aliyenuna. Mpwa alikuwa amepiga magoti, anaubembeleza.

Ng'ambo ya uwanja, dirisha la wagonjwa likaita namba thelathini na moja.

Mkurugenzi akalisikia. Akavua koti, akamkabidhi Bwana Subiri.

"Rudisheni la zamani. Kote."

"Kompyuta ya mlango iko ndani, mkuu," mpwa akanong'ona.

Mkurugenzi akatazama dirisha la choo cha ofisi lililoachwa wazi, akapandisha mguu mmoja.

"Nisukumeni," akasema. "Polepole."